Horace na Vifungo Vitatu

Miaka tisa nilijaribu kumuuza Horace nikashindwa. Horace ni kisanamu cha mzee, cha zege, kimo chake gotini kwangu, kofia yake nyekundu imechujuka, pua kama kiazi, na mbele yake anasukuma toroli dogo la kupandia maua. Kila Februari tulipofungua kitalu chetu cha kuuzia miche nilimsugua ukungu, nikamweka mlangoni kati ya maua ya primrozi ya njano na mabakuli ya mawe ya kuogea ndege. Kila Oktoba nilimrudisha stoo huku nikimtukana. Watoto walimwogopa, na mbwa wa wateja walimfanyia wanayofanya mbwa.

Basi Jumanne moja asubuhi akaingia Bi Winifred Oakey, mjane wa kule juu kilimani, akasimama mbele yake, akaguna.

"Huyu kafanana na marehemu mume wangu mpaka naona aibu," akasema. "Nifungie."

Sikusubiri aseme mara ya pili. Nilimviringishia magazeti haraka haraka, nikambeba mwenyewe hadi garini na mgongo wangu huu mbovu. Torolini mlikuwa na mmea mmoja, majani mawili na kitumba cheupe, nikamwachia bure. Nikarudi ndani ninaimba.

Clement Haddow, mwenye kitalu, akatoka banda la kioo na ndoo ya mboji.

"Horace yuko wapi?"

"Kaolewa," nikasema. "Kaondoka na Bi Oakey."

Ndoo ikamponyoka. Clement ana miaka sabini na moja na sijawahi kumwona amekaa wakati wa kazi. Siku hiyo alikaa juu ya gunia la mboji, akajifunika uso kwa kofia.

"Glenys," akasema, "umemuuza Dorcas."

Dorcas ni mkewe, na tulimzika miaka miwili iliyopita. Nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, nikamletea chai. Alipomaliza kikombe ndipo akanieleza, na nikaanza kuchanganyikiwa mimi.

Hapa kwetu Shropshire, theluji ikiwa ingali chini, huchomoza yale maua meupe madogo tunayoyaita matone ya theluji. Yote yameinamisha vichwa, na kwangu mimi yote ni yale yale. Lakini kuna watu wazima, wenye nyumba na pensheni zao, wanaolala kifudifudi kwenye tope kuyachungulia ndani. Ukikuta alama ya kijani imekaa vingine, umepata mmea mpya, na jina unalichagua wewe. Watu watatoka mbali kukubembeleza uwape kitunguu chake kimoja cha kupanda. Wengine hawabembelezi, wanaruka ukuta na koleo.

Clement alikuwa amepata lake mwaka jana, chini ya kamba ambayo Dorcas alikuwa akianikia nguo. Ndani lilikuwa na vidoa vitatu vya kijani, kimoja chini ya kingine, mfano wa vifungo vya sweta. Dorcas maisha yake yote alivaa sweta la vifungo vitatu. Jumamosi hiyo kulikuwa na maonyesho kwenye ukumbi wa kanisa. Wajuzi wangelitazama, na kama halina jina tayari, lingeitwa Dorcas Haddow. Alikuwa nalo moja tu. Kwa kuogopa wezi, bwana yule mwerevu alilificha mahali ambapo hakuna mwenye akili angepagusa, yaani kwenye toroli la Horace.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema."

"Ningesema kwa nani?"

"Kwa kila mtu, Glenys. Una mdomo wewe."

Nilitaka kumjibu, lakini ni kweli, mdomo ninao. Tukafunga kitalu, tukapanda pikapu kwenda kwa Bi Oakey.

Horace tulimwona tangu barabarani. Alikuwa kwenye dirisha la sebule, kavishwa kofia ya marehemu Oakey na skafu yake, anatazama wapita njia. Torolini mwake mlikuwa na miwani na biskuti.

"Mmea uko wapi?" Clement akauliza kabla hata ya salamu.

"Ule?" Bi Oakey akashika kiuno. "Mimi niingize tone la theluji ndani ya nyumba? Una kichaa, Clement? Unataka kunizika?"

Hapo nilimwelewa kabisa. Hapa kwetu hata wasiosali wanajua kuwa ua lile halivuki kizingiti. Likiingia ndani, mmoja wa nyumba hiyo haoni mavuno. Na yeye alimtaka Horace ndani. Kwa hiyo alifanya ambalo ningefanya mimi, akaling'oa mlangoni.

"Umelitupa?" Sauti ya Clement ilikuwa imekwisha.

"Nani atupe mmea mzima? Nimelipanda kule nyuma na wenzake."

Wenzake! Chini ya uzio wa miti, kuanzia banda la kuku mpaka ukutani, matone ya theluji yalikuwa yamefunika ardhi yote. Ukiniambia elfu tatu sitakubishia.

"Umelipanda wapi hasa?"

"Katikati. Nikafunika na majani makavu." Bi Oakey akawatazama kuku wake, ambao walikuwa wamepekua kila mahali. "Sasa hapo waulize hawa."

Basi tukapiga magoti. Clement alikuwa na kile kioo kidogo wanachotumia madaktari wa meno, mimi nikatoa cha poda, Bi Oakey akaleta cha kunyolea cha marehemu. Tukatambaa, tunachungulia ua baada ya ua, tope mpaka viwikoni. Tarishi akasimama langoni akashangaa.

"Mmepoteza nini?"

"Mke wa Clement!" Bi Oakey akamjibu. Tarishi akaacha barua juu ya ukuta, akaenda zake.

Nililiona mimi. Nilipogeuza kioo, vifungo vitatu vilikuwa vimenikodolea macho. Nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Clement akaanza kutambaa kuja kwangu.

"Na hapa lipo," akasema Bi Oakey kwa mbali.

Clement akasita. Akateremsha kioo chake kwenye ua lililokuwa karibu na kiwiko chake. Akalitazama. Akatazama la pili, na la tatu. Sehemu ile nzima ilikuwa vifungo vitupu. Nilihesabu hadi sitini nikaacha.

"Haya yametoka wapi?" akauliza polepole.

"Kwa Dorcas, kwani yatoke kwa nani? Kila Machi alikuwa ananiletea fungu, majani yakiwa mabichi, kazungushia gazeti. Miaka ishirini hiyo. Kampa na Peggy wa duka la mikate. Kampa na mke wa mchungaji."

"Hakuniambia."

"Alinikataza nisikwambie." Bi Oakey akajifuta magoti, na kwa mara ya kwanza akaongea kwa upole. "Alisema, 'Clement akijua tu, atalitia kwenye chungu na kufuli juu.'"

Nilimhurumia yule mzee. Mwaka mzima alikuwa akilala na kuamka na ua moja la pekee duniani, kumbe mkewe ameligawa kijiji kizima kama mayai. Nikamwona anaingiza mkono mfuko wa koti, nikadhani anatafuta leso. Akatoa kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake.

"Nimelinunua jana," akasema. "La Jumamosi."

Kisha akaanza kucheka, akacheka palepale kwenye tope mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Kufuli alimwachia Bi Oakey. Horace sasa kafungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza, asije akaondoka na mwingine.

Jumamosi wajuzi wakachungulia, wakanong'onezana, wakakubali jina. Badala ya chungu kimoja, Clement alikuwa na kreti mbili za maua kutoka kwa Bi Oakey na rundo la magazeti ya zamani. Mama mmoja aliyesafiri kwa muda wa saa tano, na lenzi shingoni, alimsogelea.

"Bwana Haddow, yapo mangapi haya duniani?"

"Sijui," Clement akamwambia, huku akimfungia fungu lake kwenye gazeti. "Mke wangu ndiye aliyekuwa anagawa."