Mashine Iliyoongea Kama Mhariri

Pale kazini tulimwita Mhariri, ingawa kazi yake ilikuwa kuandika programu kama sisi wengine. Habari yoyote ya teknolojia ikitoka, iwe simu mpya au kampuni fulani kununuliwa, yeye keshatoa maoni kwenye grupu letu kabla hata hajaisoma. Kichwa cha habari kilimtosha. "Hii nayo upepo tu," anaandika, na kila mtu anaweka kikatuni cha kucheka. Programu aliyopewa aimalize ilikuwa inasubiri, lakini ulimwengu ulihitaji kuelezwa.

Kampuni yetu husafirisha mizigo. Zamani mteja akipiga simu, alipokelewa na kinadada wa chumba cha pili, mmoja wao dada yangu mkubwa. Bosi aliposoma mahali kwamba siku hizi mashine inajibu wateja, akawaachisha kazi wote, akawaaga kwa keki. Dada akapita mezani kwetu amekumbatia boksi lake, anajaribu kufungua mlango kwa kiwiko. Nikaruka kumfungulia. Wengine walikuwa kwenye grupu, ambako Mhariri alikuwa ameshatoa hukumu: "Mtu anayeweza kubadilishwa na mashine, alikuwa mashine siku nyingi. Mpeni mkono wa kwaheri, maisha yaendelee."

Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Niliumia sana, nikazima simu. Kwenye grupu letu anayekasirika huambiwa akanywe maji.

Kazi ya kuifundisha hiyo mashine akapewa Mhariri mwenyewe. Alitakiwa kuilisha mazungumzo yote ya zamani ya kinadada na wateja, ijifunze kujibu kwa adabu, kisha aiunganishe na kompyuta ya ghala ili ijue mzigo uko wapi. Siku ya kuilisha, kwenye grupu kulikuwa na ubishi mkali kuhusu rangi ya skrini. Mhariri alikuwa anathibitisha kwamba skrini nyeusi ni ya wataalamu na nyeupe ni ya makarani. Huku anaandika, huku anaburuta folda, akaburuta ya soga za grupu letu. Halafu akaiunganisha na ghala, akaiwasha Ijumaa jioni, wakati hata mwanagenzi wa programu anajua Ijumaa jioni hugusi kitu, maana kikiharibika hakuna wa kurekebisha mpaka Jumatatu, akaenda zake nyumbani.

Jumatatu tukafungua kusoma majibu. Mama mmoja aliuliza kistaarabu mzigo wake umefika wapi. Mashine ikamjibu: "Mama, haujatoka ghalani. Anayekuambia uko njiani anakupiga kamba. Labda kesho mchana. Kunywa maji."

Kaka mwingine alilalamika kwamba kioo chake kimefika vipande. "Pole, kaka. Lile neno 'kwa uangalifu' kwenye tangazo letu ni pambo."

Mhariri akasoma akiwa ameshika kichwa. Tulishaambiwa kwamba mashine ikitulia, meza moja katika chumba chetu itapunguzwa, na meza yenye viporo vingi kuliko zote ilikuwa yake. Kosa kama hili lingemmaliza.

Lakini badala ya matusi zikaja pongezi. Wateja waliandika kwamba hatimaye wamempata mtu mkweli. Yule mama aliuliza kama kijana huyo ameoa. Bosi akatoka ofisini kwake meno yote nje.

"Nani kaifundisha hii? Ina roho ya mtu kabisa!"

Mhariri akaona mlango umefunguka. Akasimama, akavuta shati.

"Ni mimi, bosi. Kusema kweli nilikosea folda, nikaipa soga zetu. Lakini huyo anayeongea ni mimi. Utani wangu, mtindo wangu, kila neno ni langu."

"Kila neno?"

"Kila neno, bosi."

Bosi akamtazama, akaitazama skrini, akamtazama tena. Ungedhani yuko dukani anachagua kati ya pasi mbili.

"Kwa hiyo ninao wawili," akasema polepole. "Na mmoja hachukui likizo. Hebu tuulize." Akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, sisi tukisoma begani kwake: Kuna mfanyakazi anayefanana na wewe kwa kila kitu. Tumbakize?

Mashine haikusita. "Mtu anayeweza kubadilishwa na mashine, alikuwa mashine siku nyingi. Mpeni mkono wa kwaheri, maisha yaendelee." Na kikatuni cha kucheka.

"Lakini hayo ni maneno yangu!" Mhariri akapiga kelele.

"Si ndivyo ulivyoniambia?" bosi akasema, akampa mkono.

Alipotoka na boksi lake, chumba kizima kilikuwa kimeinamia simu. Grupu lilikuwa linacheka. Nikainuka nikamfungulia mlango, naye akapita bila maoni yoyote.

Jioni nikamsimulia dada, nikitegemea atacheka mpaka ashike mbavu. Akaacha kukunja nguo, akaniuliza kama walimkatia keki.

"Hapana."

"Masikini," akasema, na alimaanisha.