Urithi wa Mama Imakulata

Tangu mama yake, Imakulata, aambiwe kwamba ana MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mishipa ya fahamu, Octavian alikuwa akijipima mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake ya useremala pale Gongoni, alisimama uani kwa mguu mmoja, akafumba macho, akahesabu hadi thelathini. Majirani walidhani amehamia dhehebu jipya.

Wiki moja baada ya kumvisha Julieth pete, kidole gumba cha mguu wake wa kulia kikafa ganzi. Octavian akaoga, akavaa shati la kanisani, akaenda kumpa binti wa watu uhuru wake.

Julieth alikuwa dukani kwake akimimina asali ya Sikonge kwenye chupa. Octavian alimweleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: ugonjwa uko kwenye damu, umeshamfika mguuni, na watoto wao nao watausubiri. Bora aolewe na mwingine.

Julieth akafunga chupa kwanza, maana asali ilikuwa inachuruzika.

"Nani kakwambia uko kwenye damu?"

"Si unaona? Mama, halafu mimi."

"Umepimwa?"

"Najijua."

"Basi nifunge duka twende hospitali ya Kitete. Daktari akishakwambia hivyo, ndipo uniache."

Hospitalini, Dokta Minza alimgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza kwenye mstari, akamwambia afuate kidole kwa macho. Kisha akatazama chini.

"Viatu hivi namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Na wewe unavaa ngapi?"

Octavian akavuta miguu nyuma. Julieth akamjibia. "Arobaini na tatu. Ni vya harusi, anavizoesha. Namba yake haikuwepo, ila rangi ilimpendeza."

Daktari alichukua muda mrefu kutafuta kalamu iliyokuwa mbele yake. Alipoinua uso, alisema bila mzaha, "MS hairithiwi moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Vinasaba vinachangia, pamoja na mambo mengine ambayo bado yanachunguzwa. Ukiwa na mzazi mwenye MS, uwezekano wako unazidi wa wengine, sikufichi. Lakini katika watoto mia wa wazazi kama hao, wanaougua ni wawili au watatu hivi. Vua hivyo viatu. Ganzi isipoisha, au macho yakianza kuona ukungu, urudi."

Octavian alirudi nyumbani peku, viatu kwapani, Julieth nyuma yake. Mama Imakulata alikuwa uani anachambua maharage, fimbo yake imeegemea kiti. Alisikiliza habari yote hadi mwisho.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unasimama kama korongo," alisema. "Nami nilikuwa nakuchungulia dirishani, najiuliza kama nimekurithisha. Nikaogopa kukuuliza."

"Mimi nikaogopa kukwambia, mama."

Mama akacheka mpaka maharage yakamwagika, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akaendelea kujifuta hata baada ya kicheko kwisha. Octavian akapiga magoti, akaanza kuokota.

"Na wewe mwanangu," Imakulata akamgeukia Julieth, "umemrudia?"

"Sikuwa nimekubali kuachwa, mama."

"Basi nipe mkono niinuke. Ugali umeshaiva."