Muhuri wa Kurudi

Bwana Zebedayo, ofisa wa uhamiaji, aliilaza pasi ya Felista mezani, akaibana kwa rula isijifunge, akaanza kuipitia mihuri kwa ncha ya kalamu. Hakuwa na haraka. Feni ilipepea kona za karatasi, na kila zilipoinuka alizirudisha kwa kiganja.

"Hapa ulitoka," alisema. "Wapi uliporudi?"

Felista alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. Kwenye visigino vyake kulibaki tope la Bujonde ambalo maji ya asubuhi hayakuling'oa.

"Nilirudi, mkuu. Si niko hapa mbele yako?"

"Mimi nakuona, mama. Faili ndilo halikuoni."

Hakusema kwa dharau. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: mke aliyezaliwa ng'ambo akiomba kibali cha kudumu, siku alizokaa nje ya nchi huhesabiwa, na zikizidi, miaka yake yote ya nyuma inafutika. Za Felista zilikuwa zimezidi. Kwa mujibu wa pasi, tangu muhuri ule wa kutoka, miaka minne na miezi miwili, hakuwa amekanyaga Tanzania.

Katika miaka hiyo alikuwa amepandikiza mpunga misimu minne. Alikuwa ameimba kwaya Pasaka nne. Alikuwa amemzika mtoto.

Siku ya muhuri ule alikuwa akienda kumlilia mama yake, ng'ambo ya Mto Songwe ulio mpaka wa nchi. Watu wa Bujonde wakienda msibani huko hawapiti darajani. Wanavuka kwa mtumbwi, kanga zimekunjwa magotini, kwa sababu ng'ambo ni kwa wajomba, na nani anabeba pasi kwenda kwa mjomba? Felista peke yake ndiye aliyekwenda kupanga foleni mpakani. Alikuwa ameshaanza kuomba kibali na alitaka mambo yake yawe safi. Wifi yake, Asifiwe, alimcheka mpaka akashika kiuno.

"Wifi, maji hayaulizi muhuri. Au unataka marehemu akusubiri upange foleni?"

Siku ya sita ya matanga, jioni, simu ikaja. Tumaini, mwanawe wa miaka mitatu aliyebaki na baba yake, alikuwa na degedege. Mpaka ulikuwa umefungwa. Felista alikimbilia mtoni, akavushwa, akafika nyumbani alfajiri miguu imechanwa na matete. Mtoto alimtupia jicho mara moja, kama mtu anayehakikisha aliyeingia ni nani. Kabla ya adhuhuri alikufa mapajani mwake.

Hakuna aliyekumbuka muhuri.

Bwana Zebedayo alisikiliza yote hayo, akavua miwani, akaifuta. Kisha akasema ziko njia mbili. Ya kwanza, Felista atie sahihi tamko kwamba kipindi chote hicho alikuwa nje. Atapewa hati ya muda, na hesabu yake itaanza upya. Ya pili ni kushikilia kwamba alirudi.

"Hapo utakuwa umeniambia kwa kinywa chako kwamba uliingia nchini kwa njia ya panya. Hilo ni kosa, na si la meza yangu. Kuna kushtakiwa, kuna kurudishwa kwenu. Nenda ufikiri. Ijumaa nafunga faili."

Akampa karatasi ya tamko. Maneno yalikuwa yameshapigwa chapa: *kuanzia tarehe tajwa sikuwepo nchini.*

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe, Lameck, akigeuza kakao juani. Alimsalimia, na Lameck hakugeuka. Akamsalimia tena. Katika kitambo hicho Felista aliitazama ardhi miguuni pake kuona kama kivuli chake kipo.

Lameck aliisoma karatasi akiwa amesimama. Alisema atie sahihi. Alisema ni wino tu, watu husaini mambo mengi, na Mungu anajua alikuwepo.

"Na Tumaini je?" Felista aliuliza. "Tarehe yake imo humo ndani. Nisaini kwamba aliyempakata hakuwa mama yake?"

Lameck alirudi kwenye kakao, akaigeuza upande aliokwisha kuugeuza.

Tangu hapo Felista alianza kujichunguza. Jirani akipita njiani bila kumwamkia "ugonile", alisimama akimsindikiza kwa macho. Kisimani aliita jina lake mwenyewe, polepole, akasikiliza likitua majini. Asifiwe alimkuta hapo na safari hii hakucheka. Alimshika mkono akamrudisha nyumbani, kama wanavyoshikwa wafiwa.

Alhamisi mchana Felista aliingia migombani. Kaburi la Tumaini lilikuwa nyuma ya nyumba, fupi, limefunikwa kwa zege. Siku ya mazishi, zege likiwa bado bichi, Lameck aliandika tarehe kwa msumari, na Felista akakandamiza kiganja chake pembeni. Mama mkwe wake alikuwa amemvuta akimwambia autoe mkono, kwamba mkono ulioachwa kaburini humwita mwenyewe. Kiganja bado kilikuwepo, vidole vyote vitano, na ndani yake maji ya mvua.

"Hiki kina tarehe," alimwambia Lameck, aliyekuwa amemfuata.

"Kinakufunga hiki."

"Kinifunge nikiwa nimerudi."

Lameck alitoa nyundo na patasi. Kabla ya kupiga alimwomba mtoto radhi kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha. Kipande chenye kiganja na tarehe kilitoka kwa pigo la nane. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, na mzizi mweupe wa mgomba ulikuwa umepita katikati.

Ijumaa Felista alikwenda peke yake. Lameck alibaki kuziba pengo. Kipande alikifunga kwenye kitenge cha msibani, akakipakata njia nzima. Karatasi ya tamko, bila sahihi, aliichomeka kifuani.

Mlinzi wa getini alipapasa mzigo.

"Mama, mawe hayaingii. Weka pale ukutani, utayachukua ukitoka."

Pale ukutani palikuwa na matofali yaliyosalia ujenzi, na mbuzi amelala juu yake. Felista alitazama. Akamweleza mlinzi kwamba hilo si jiwe, ni la mwanawe, na ndani kuna mtu anayelingoja. Mlinzi alisema amri ni amri.

Akaketi chini kando ya geti, zege mapajani. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Saa nne hivi, sauti ya Bwana Zebedayo ikaita jina lake.

"Nipo," alisema Felista. Alijaribu kuinuka, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi chini ya uzito.

Jina likaitwa mara ya pili.

"Nipo."

Mlinzi aligeuza uso akatazama barabarani.

"Hayupo," mtu fulani alijibu kutoka kwenye benchi la ndani, na baada yake ukasikika muhuri ukigonga meza.