Aina ya Nane

Ufunguo wa chumba ulikuwa ndani ya ngumi ya baba, ya ule mkono uliobaki na nguvu. Nilisimama mbele ya kabati, chaki mkononi, viatu vya kutokea tayari miguuni.

"Kiranja, aina za viwakilishi. Hatoki mtu."

Miaka thelathini alifundisha Kiingereza kwa sheria hiyo: mlango unafungwa, darasa linataja aina zote nane kwa mifano, ndipo mlango unafunguliwa. Kiharusi kilipomlaza, chumba chake kikawa darasa, mlango wa kabati ukawa ubao, na mwanafunzi nikabaki mimi. Kila asubuhi nilifunga mlango, nikampa ufunguo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na dunia yangu ilianzia kitandani kwake ikaishia kwenye beseni.

Siku hiyo niliitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, saa nne kamili. Shangazi alishakuja kukaa naye.

Nikataja mbiombio. Vya nafsi, "I". Vya umiliki, "mine". Vya kuonyesha, vya kuuliza... hadi ya nane, visivyo dhahiri, kwa sentensi yake ya kufungia darasa: "Everybody has gone home," wote wameshaenda nyumbani.

"Sijasikia."

"Baba, saa tatu na nusu hii!"

"Haraka haina baraka, wala haina sarufi. Anza upya."

Nikaanza upya. Nikarudia hata mara ya tatu. Shangazi akagonga kwa nje: "Nyie, mmelala humo? Kaka, mwachie mtoto aende!"

Ningeweza kumpokonya. Vidole vyake vilikuwa kama njiti za kiberiti. Nikainama, nikaona shuka chini ya ngumi limelowa jasho.

"Ukiisema," akanong'ona, "darasa linaisha."

Nikaketi. Nikavua viatu. Saa nne ilipogonga tulikuwa tunarudia, na safari hii niliishia ya saba. Akafungua ngumi mwenyewe, nikafungua mlango. Shangazi akaingia, akanitazama miguu mitupu.

Sikumsamehe siku ile. Lakini kwa miaka minne iliyofuata hatukuifikia tena ya nane, na hakuna aliyeiulizia.

Jumanne tulimzika. Leo shangazi alikuja na kitambaa kibichi apanguse kabati. Nikamwomba aliache kwanza. Mlango uko wazi tangu asubuhi. Nimekaa kitandani kwake, nataja polepole, na nimefika ya saba.