Magari Yabishe Hodi

Shangazi alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa ya mjini, na macho yake yaliondoka na surua angali mtoto mdogo. Jina hilo la Shangazi walianza nalo watoto wa kaka yake, ambaye Shangazi aliishi nyumbani kwake, kisha likahamia hospitalini, hata madaktari wakalidaka. Mji aliujua kwa masikio. Mwangwi wa ukuta wa benki ulimwambia kivuko ki karibu, na ngurumo za injini zilizosubiri taa zilimwambia lini avuke. Kaka yake alizoea kutania kwamba dada yake anavuka barabara kama anapita sebuleni kwake.

Asubuhi moja alifika kivukoni akatega sikio. Kimya. Akatanguliza fimbo yake nyeupe, akatia mguu barabarani. Alichohisi kwanza ni upepo wa kitu kikubwa usoni. Kisha kacha! Fimbo ikavunjika mkononi, matairi yakalia, naye akajikuta amekaa chini kwenye lami. Mlango wa gari ukafunguliwa.

"Mama! Mama, uko mzima? Mimi nilijua umenisikia!"

"Nikusikie kwa lipi?" alisema Shangazi. "Umekuja kama jini. Hilo ni gari au kivuli?"

"Ni gari la umeme, mama. Halingurumi. Abiria wanalipendea hivyo hivyo."

Alikuwa dereva wa teksi, na wenzake walimwita Polepole kwa sababu hakuwahi kumkimbiza abiria. Alimwinua, akamfikisha kazini, njia nzima akiomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeanguka.

Goti lilipona upesi. Kilichokataa kupona ni kitu kingine. Kila alipokaribia kile kivuko, miguu ilimgomea. Ikabidi wifi yake, mke wa kaka, awe anamshika mkono hadi getini pa hospitali. Shangazi alicheka mbele ya watu, akasema sasa amerudi chekechea, lakini akifika kwenye kiti chake cha simu alichelewa kupokea simu ya kwanza. Alikuwa amenyang'anywa mji wake, na aliyemnyang'anya hakutoa hata sauti.

Siku moja Polepole akaja hadi dirishani pake.

"Mama, kamati ya bunge inapokea maoni kuhusu sheria ya barabara. Twende."

"Mimi na nani?"

"Mimi na wewe. Nikienda peke yangu kusema gari langu limezidi ukimya, wataniona nimepagawa. Nikienda na niliyemgonga, watakaa wasikilize."

Walikwenda. Chumba cha kamati kilikuwa na zulia nene lililomeza nyayo, na Shangazi hakujua kimejaa watu mpaka viti vilipoanza kulia. Polepole alieleza yaliyotokea bila kujitetea. Mbunge mmoja mwenye sauti nzito akauliza, bila ubaya, "Miaka yote tumelalamikia kelele za magari. Leo tumepata utulivu, mnataka turudishe kelele?"

"Mheshimiwa, kelele sitaki hata mimi," Shangazi alijibu. "Hata mgeni unayempenda, akiingia ndani bila hodi utashtuka. Nataka gari libishe hodi, basi."

Kicheko kikazuka, cha yule mbunge kikiwa juu ya vyote. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye maneno machache, akasema, "Basi tukaisikie hiyo hodi."

Wakashuka wote uwanjani. Fundi aliyeletwa na Polepole alikuwa tayari amefunga kipaza sauti kidogo mbele ya teksi yake. Shangazi akasimamishwa kando, wifi yake, aliyewasindikiza, akiwa nyuma yake.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha, kutoka mbali, ikaja sauti ya chini, laini, kama mtu anayeguna wimbo akiwa na kazi mikononi. Gari lilipoongeza mwendo sauti ilipanda, lilipopunguza ikashuka. Shangazi, bila kujua anafanya nini, akanyoosha kidole. Gari likaja, kidole kikaja nalo. Likazunguka nyuma ya wabunge, likarudi kinyumenyume, na mkono wake ukalifuata kama alizeti inavyolifuata jua. Nywele zilimsimama mikononi. Palipokuwa na shimo tupu duniani, sasa palikuwa na kitu chenye umbo, chenye mahali, chenye nia ya kwenda upande fulani.

"Lipo," alinong'ona. "Wifi, lipo!"

Siku ya kupitisha muswada wa kuyataka magari ya umeme yatoe sauti, familia nzima ilikaa kwenye jukwaa la wageni. Maisha yake yote Shangazi alidhani sheria hutungwa kwa kalamu na mihuri, mambo ya wenye macho. Spika akasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ukumbi ukaunguruma. Ile NDIYO ilipanda kutoka sakafuni, ikapita kwenye mbao za kiti chake, ikamwingia kifuani. Kumbe sheria huzaliwa kwa sauti! Alishika mkono wa kaka yake akaubana.

Sheria ilianza na magari mapya, na yale ya zamani yakapewa muda wa kufungwa kifaa. Muda huo ulipokwisha, asubuhi moja, Shangazi alimwambia wifi yake amwachie mkono. Akasogea peke yake hadi ukingoni mwa kivuko, akatega sikio.

Barabara ilikuwa imejaa. Kushoto, kulia, mbele, sauti zile laini zilipishana, zikafuatana, zikasimama foleni, nyingine ikinyata kutoka lango la benki ambako hakuwahi kudhani kuna gari.

"Wifi," aliita. "Siku zote yalikuwa mengi hivi?"

"Siku zote, wifi. Tele."

Yaani alikuwa akipita katikati yake, kila asubuhi, akidhani barabara ni tupu! Mwili ukamsisimka, akashindwa kujua ni hofu au furaha. Taa zikaruhusu, zikafunga, zikaruhusu tena, naye bado amesimama anasikiliza. Wifi yake hakumharakisha. Hatimaye zile sauti zikashuka zote kwa pamoja, zikatulia mbele yake zikimngoja, naye akavuka.