Kodi ya Akaunti Isiyotozwa Kodi

Katika mji mzima wa Mahikeng, Afrika Kusini, hakuna aliyependa sheria kama Gaolathe Moilwa. Alikuwa na shule ya udereva, na mwanafunzi aliyekanyaga mstari mweupe penye alama ya kusimama alirudishwa nyuma apite upya, hata foleni ikipiga honi namna gani. Binamu yake Seipati, mwalimu wa hesabu, aliyajua hayo vizuri: leseni aliipata mara ya tatu, na tangu hapo Gaolathe hakumpa nafasi ya kupumua. Walikuwa mtoto wa kaka na mtoto wa dada, yaani watani wa kuzaliwa. Siku bila kuchokozana kwao ilikuwa kama kulala na njaa.

Jumapili moja ya Julai, ndugu walikuwa wakiota jua uani kwa Seipati, wakingoja ugali wa mtama uive, Gaolathe alipoingia kimya akakaa pembeni.

"Vipi wewe?" Seipati alimwuliza. "Gari nimeliegesha kombo makusudi ili upate la kusema, nawe umelipita kama hulioni."

"Niache, Mwalimu."

"Nikikuacha utaokotwa na nani?"

Gaolathe akamnyooshea simu. Seipati akausoma ule ujumbe wa mamlaka ya kodi, akausoma tena, kisha akashika kiuno na kucheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Jamani, njooni! Gaolathe katozwa randi elfu nane kwenye akaunti isiyotozwa kodi! Mtu kazama kwenye karai!"

"Kosa ni lao," Gaolathe akajitetea, maana ndugu walikwisha kuvuta viti karibu. "Kikomo cha kuweka akiba humo kwa mwaka ni elfu thelathini na sita. Mwaka jana mwezi Machi niliziweka zote. Baadaye nikatoa elfu ishirini, halafu nikarudisha zilezile. Zimezidi wapi?"

"Zilezile? Kwani ulizikata alama masikioni, kama ng'ombe zako?"

Mzee Ramokoka, mmoja wa wazee wa ukoo, akapaliwa na chai.

"Sikiliza, mwanafunzi," Seipati akaendelea. "Hawahesabu kilichomo, wanahesabu kilichoingia. Ukitoa, umetoa, na nafasi yake hairudi. Unayorudisha ni pesa mpya. Iliyozidi, kila mia wanachukua arobaini. Kwanza, benki ilikupokeaje?"

Gaolathe akakohoa. "Ilikataa. Nikadhani ni mtandao."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda benki nyingine, nikafungua akaunti mpya."

"Loo! Taa nyekundu imekuwakia, ukazungukia mtaa wa pili! Kikomo ni cha mtu, bwana, si cha benki. Hata mimi ninazo mbili, lakini nazijumlisha."

Kicheko kikatawala ua mzima. Gaolathe naye akajikuta anatabasamu kidogo, maana kuchekwa na ndugu kulikuwa kwepesi kuliko kukaa peke yake na ile simu.

"Na hizo elfu ishirini ulitoa za nini?" Seipati akauliza, machozi ya kicheko yangali mashavuni. "Fahali mwingine?"

"Mambo yangu."

"Fahali huyo alikuja lini, sisi hatukumwona?"

"Nimesema niache. Ilikuwa Juni, basi."

Hapo Seipati akauokota mwiko wake. Juni ya mwaka jana alimzika mumewe, Thuso. Bima ya mazishi ilichelewa, na jeneza lilikuwa halijalipiwa. Ni Gaolathe aliyefika na bahasha, akasema ameuza ndama wawili na asitake kusikia asante. Novemba, bima ilipolipa, Seipati alimrudishia zote. Elfu ishirini.

Akageuka, akaingia jikoni. Gaolathe akamfuata, akamkuta anaosha sahani ambayo ilikuwa safi.

"Uliniambia umeuza ndama."

"Ningekwambia natoa akiba ungekataa."

"Na mimi nakucheka mbele ya watu." Hakugeuka. "Hizo elfu nane nitalipa mimi."

"Hulipi kitu. Wewe ulinirudishia haki yangu. Kukimbilia benki bila kuuliza, hilo ni langu."

Seipati hakujibu, na ukimya huo ukamwingia Gaolathe vibaya kuliko ule ujumbe. Aliujua. Baada ya mazishi alikuja hapa kila Jumapili, akamtania, akaambulia "ndiyo" na "hapana", na kila mara alirudi nyumbani moyo mzito. Mpaka siku ile ya Novemba, Seipati alipomkabidhi bahasha, akamtazama juu mpaka chini na kumwambia kwamba kofia yake inafanana na sufuria iliyokaliwa na mbuzi.

"Unajua kwa nini sikuuliza benki?" Gaolathe akasema. "Siku uliponirudishia pesa, uliitukana kofia yangu. Nilifurahi, Seipati. Nilitoka hapa naimba. Karani aliniuliza kama nina akaunti nyingine ya namna hiyo, nikasema hapana. Ningeulizwa jina langu ningekosea."

Mabega ya Seipati yakatikisika. Gaolathe akadhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alipogeuka alikuwa anacheka pia.

"Kwa hiyo kofia mbaya imekutia hasara ya elfu nane."

"Elfu nane nitazipata. Ila usininyamazie tena."

"Basi kesho nakwenda nawe huko kwenye kodi. Ukiachwa peke yako utafungua akaunti ya tatu."

Kesho yake asubuhi wakakaa foleni pamoja. Ofisa alikuwa binti mpole; alimweleza Gaolathe yaleyale aliyoelezwa uani, akamkubalia kulipa kwa awamu. Gaolathe akauliza kama nafasi ya zile elfu ishirini alizozitoa itarudi siku moja. Binti akatikisa kichwa: hata katika kikomo cha maisha yake yote zimeshahesabiwa.

"Hata nikieleza zilikwenda wapi?"

"Fomu haina sehemu ya kueleza, baba."

Gaolathe akainuka kitini. "Si kitu," akasema. "Zilikwenda mahali pazuri."

Seipati alimshika mkono, wakatoka juani, na hawakuachana mpaka walipolifikia gari.