Kalamu za Kumchorea Ghassan

Mardhiya alikuwa fundi wa hina, na mabibi harusi wengi wa mtaa wa Mkomani, Lamu, walikwisha kumnyooshea mikono. Kuchora kwenye karatasi alikuanza baada ya mumewe, Ghassan, kwenda Doha kulinda hoteli. Nyumba ilikuwa kimya, na mkono uliozoea kazi haukubali kukaa bure.

Siku moja alimwambia kwenye simu kwamba anatamani kalamu za rangi ya akriliki, zile zinazofunika hata karatasi nyeusi. Ghassan hakujua aina iliyo nzuri. Akanunua tatu tofauti, akampa Ridhwani, jirani yao aliyekuwa akirudi Lamu kwa likizo.

Mardhiya aliona kwamba ili azilinganishe kwa haki, lazima achore kitu kimoja kwa zote. Kilichomjia ni uso wa mumewe. Aina ya kwanza ilikuwa na rangi kali ya kupendeza, lakini ilipenya hadi upande wa pili wa karatasi, na nywele za Ghassan zikatambaa mpaka kwenye paji. Ya pili ilitii mkono, ila ncha yake ilichakaa upesi kama mswaki wa zamani, na rangi ikikauka ilififia. Ya tatu ndiyo iliyomridhisha. Ilikauka haraka na kulala sawasawa, akaweza kutia rangi nyepesi juu ya nzito bila kuchafuana.

Alipofika kwenye macho, mkono ukasita. Alikumbuka jinsi Ghassan alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia ndani, hata harufu ya shati lake, lakini macho hayakumjia. Akafungua picha zilizokuwa kwenye simu. Katika zote alikuwa akiichekea kamera, na huyo siye aliyekuwa akimtamani.

Akampigia baada ya alasiri, saa ya mapumziko ya Ghassan kazini. Ghassan akaanza kuuliza kama mzigo umefika salama.

"Leo tusizungumze," Mardhiya alimwambia. "Kaa tu hapo, nikutazame."

Ghassan akaiegemeza simu ukutani, akaketi kitandani na sare zake. Mwanzoni aliona haya, akawa anajiweka sawa. Kisha mabega yakashuka, uso ukaacha kujitengeneza, na Mardhiya akamwona. Alichora bila kuinua kichwa ila kumtazama. Alipofika ndevuni alikuta mvi ambazo hakuwa akizijua. Akachukua kalamu nyeupe. Mtandao ulikatika, na uliporudi Ghassan alikuwa bado ameketi vilevile, akimngoja.

Alipomaliza akamwonyesha. Ghassan akasogeza uso karibu na simu.

"Umenizeesha."

"Sikukuzidishia kitu."

Akauliza ni kalamu zipi zilizoshinda, apate kumtumia nyingine.

"Ndoo nazo mwenyewe," Mardhiya alisema kwa Kiamu chao, akimtaka aje nazo.

Safari hii Ghassan hakuahidi kuja Idi ijayo, kama alivyozoea. Aliinama, akasema naye amechoka, na kwamba kesho ataomba ruhusa ya kurudi nyumbani.

Ruhusa ilikubaliwa, lakini angoje hadi msimu wa wageni wa hoteli upite. Katika kungoja huko, mama yake Ghassan, Bi Barka, alikuja kutembea, akaukuta mchoro ukutani. Alisimama mbele yake muda mrefu.

"Mwanangu ana mvi," alisema taratibu.

Kisha akaketi papo hapo chini ya mchoro, hata buibui hakulivua, na Mardhiya akaenda kumletea kahawa.